Mechi ya tatu kati ya watani wa kundi moja

Katika msimu wa mwaka 1999, timu ya Jacksonville Jaguars ilicheza mechi 18, ikashinda 15 na kupoteza tatu, na zote tatu ilipoteza mbele ya timu moja, Tennessee Titans. Hakuna timu nyingine katika NFL nzima, ligi ya futiboli ya Kimarekani, iliyoweza kuifunga Jaguars mwaka ule. Siku nane kabla ya kipigo cha mwisho walikuwa wameiadhibu Miami Dolphins kwa 62-7, mechi ambayo ikawa ya mwisho kwa Dan Marino uwanjani, na jiji la Jacksonville likaamini kwamba zamu yake imefika. Tarehe 23 Januari 2000 Titans wakarudi Florida, wakaenda mapumziko wakiwa nyuma kwa 14-10, kisha katika kipindi cha pili wakafunga pointi 23 bila Jaguars kujibu hata moja. Mechi ikaisha 33-14, na Titans wakaenda Super Bowl, fainali ya ligi.

Nimeifuatilia futiboli ya Kimarekani kwa miaka mingi nikiwa katika jimbo la Washington, upande wa Seattle, na katika mechi zote zinazochezwa kuanzia Septemba hadi Februari hakuna zinazonigusa kama za aina hii, yaani mechi za ubingwa wa konferensi zinapozikutanisha timu mbili za kundi moja. Super Bowl ina fahari yake, ina nyimbo zake na matangazo yake ya biashara, lakini mara nyingi hukutanisha timu mbili ambazo hazijaonana kwa miaka mitatu minne. Hizi nyingine hukutanisha watu wanaojuana hadi namna mwenzao anavyovuta pumzi kabla ya kuanza kukimbia.

Kwa msomaji asiyeufahamu mpangilio wa ligi hii, NFL ina timu 32 zilizogawanywa katika konferensi mbili, AFC na NFC, na kila konferensi ina makundi manne ya timu nne nne. Timu za kundi moja hukutana mara mbili kila msimu, nyumbani na ugenini, bila kukosa. Bingwa wa kila kundi huingia katika hatua ya mtoano, pamoja na timu chache zilizofanya vizuri bila kuongoza makundi yao, na tangu mwaka 2020 kila konferensi hupeleka timu saba. Mshindi wa AFC na mshindi wa NFC ndio wanaokutana Super Bowl. Kwa hiyo inawezekana kabisa timu mbili za kundi moja zikapita pande mbili tofauti za mtoano, kila moja ikiwaondoa wengine, hadi zikakutana kwa mara ya tatu kwenye hatua ya mwisho kabla ya fainali. Aliyekulia na Simba na Yanga atadhani analijua jambo hili, na kwa sehemu kubwa analijua, ila watani wetu wa Kariakoo wanaweza wote wawili kwenda kucheza michuano ya Afrika msimu huohuo, ilhali huku mmoja akienda, mwingine lazima abaki.

Zamani mechi hizi zilikuwa nyingi kuliko sasa, na sababu yake ni ya kikanuni. Baada ya ligi mbili kuungana mwaka 1970, kanuni za mtoano zilizuia timu za kundi moja kukutana katika hatua inayotangulia ubingwa wa konferensi, na kanuni hiyo ikadumu hadi mwisho wa miaka ya 1980, isipokuwa msimu wa 1982 uliokatishwa na mgomo wa wachezaji. Timu nzuri mbili za kundi moja zilikuwa zikitenganishwa kwa makusudi na kusukumwa mbele hadi mlango wa mwisho. Makundi nayo yalikuwa machache na makubwa, mengi yakiwa na timu tano, hivyo kundi moja lenye nguvu liliweza kutoa timu mbili bora za konferensi nzima. Ndiyo maana kati ya msimu wa 1971 na ule wa 1989 mechi hizi zilipita kumi. Katika msimu wa 1980 fainali zote mbili za konferensi zilikuwa za namna hiyo, na zilichezwa siku moja, tarehe 11 Januari 1981. Raiders waliifunga San Diego Chargers 34-27 huko San Diego, na Philadelphia Eagles wakaifunga Dallas Cowboys 20-7 kwenye baridi kali ya Philadelphia. Msimu wa 1982 ikatokea tena kwa konferensi zote mbili. Tangu kanuni ilipoondolewa, na hasa tangu makundi yalipopangwa upya mwaka 2002 kuwa manane, watani wanaweza kuondoana mapema, na mechi ya tatu mlangoni mwa Super Bowl imekuwa tukio la kusubiriwa kwa miaka.

Watangazaji wa televisheni hupenda kusema, kila inapotokea, kwamba ni vigumu kuifunga timu moja mara tatu katika msimu mmoja. Kauli hiyo inasikika kama busara, lakini haisimami ukiitazama historia ya mechi zenyewe. Miami Dolphins waliifunga New York Jets mara mbili katika msimu wa 1982 na wakaifunga ya tatu. New York Giants walifanya hivyo kwa Washington katika msimu wa 1986, na ya tatu wakashinda 17-0 katika upepo uliokuwa ukizungusha takataka uwanjani. Titans niliwataja. Pittsburgh Steelers waliifunga Baltimore Ravens mara tatu katika msimu wa 2008, ya tatu ikiwa 23-14 baada ya Troy Polamalu kunasa pasi ya Joe Flacco, aliyekuwa mgeni kabisa katika ligi, na kukimbia nayo yadi 40 hadi mwisho wa uwanja. Walioshindwa kukamilisha mara ya tatu ni Seattle Seahawks wa msimu wa 1983, ambao walikuwa wameifunga Raiders mara mbili kisha wakafungwa 30-14 huko Los Angeles, na San Francisco 49ers wa msimu wa 2021. Timu iliyoshinda mara mbili kwa kawaida ni timu bora, na timu bora kwa kawaida hushinda na ya tatu.

Kwa maoni yangu, kujuana hakuzisawazishi timu. Kazi yake ni kuzifunga mikono katika yale yote waliyoyazoea. Kila mchezo ambao timu imeutumia mara mbili katika vuli umeshatazamwa kwenye video na makocha wa upande wa pili mara zisizo na idadi, umeshafanyiwa mazoezi, umeshawekewa jibu. Kwa hiyo mechi huelekea kuamuliwa mahali ambapo hakuna aliyejiandaa, na mara nyingi na mtu ambaye hakuna aliyekuwa akimwangalia.

Turudi Jacksonville. Titans walipata uongozi mapema katika kipindi cha pili, kisha safu yao ya ulinzi ikamwangusha Mark Brunell, kotabeki wa Jaguars, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, ndani ya eneo lake mwenyewe, jambo linaloipa timu pinzani pointi mbili. Kanuni inasema timu iliyofungwa kwa namna hiyo lazima pia ipige mpira na kuwapa wapinzani wake. Jaguars wakapiga, Derrick Mason akaupokea, akakimbia yadi 80 hadi akafunga. Katika muda ambao mtu angeweza kuinuka kwenda kuchukua maji jikoni na kurudi, 17-14 ilikuwa imegeuka 26-14. Makocha Tom Coughlin na Jeff Fisher walikuwa wamechunguzana msimu mzima, lakini hakuna video ya Septemba wala ya Desemba iliyokuwa na mchezo ule. Nilipoitazama tena mechi hiyo miaka mingi baadaye, kilichonishika zaidi ni nyuso za mashabiki wa Jaguars baada ya mbio za Mason. Walionekana kama watu waliojua tangu asubuhi kwamba jambo fulani la namna hii litatokea, bila kujua ni lipi.

Na kuna uzi mrefu katika kisa hicho ambao hutajwa mara chache. Titans ndio waliokuwa Houston Oilers kabla ya kuhamia Tennessee mwaka 1997. Oilers hao walifika fainali ya AFC mara mbili mfululizo, katika misimu ya 1978 na 1979, na mara zote mbili wakafungwa na Steelers, jirani zao wa kundi la AFC ya Kati, huko Pittsburgh. Mara ya kwanza walizidiwa kabisa, 34-5, kwenye mvua ya barafu. Mara ya pili walikuwa nyuma kwa 17-10 mwishoni mwa robo ya tatu pale Mike Renfro alipoudaka mpira kwenye kona ya eneo la kufungia, na waamuzi baada ya kushauriana wakasema hakuudaka akiwa ndani ya mipaka. Televisheni ilirudia picha ile mara nyingi, na watu wengi walioiona walishawishika kwamba alikuwa ndani. Oilers waliambulia pointi tatu za mkwaju badala ya saba, na mechi ikaisha 27-13. Miaka 20 baadaye klabu ileile, kwa jina jipya na katika jiji jipya lakini bado katika kundi lilelile la AFC ya Kati, ilipata ushindi wa konferensi dhidi ya jirani mwingine.

Denver Broncos na Raiders walikuwa na kisa kinachofanana na hicho tarehe 1 Januari 1978. Rob Lytle wa Broncos aligongwa na Jack Tatum wa Raiders karibu kabisa na mstari wa kufungia, mpira ukamtoka, Raiders wakauokota, lakini waamuzi hawakuona na wakawaachia Broncos mpira. Mchezo uliofuata Broncos wakafunga. Walishinda 20-17 na kwenda Super Bowl kwa mara ya kwanza katika historia yao, wakiwaacha nyumbani mabingwa watetezi. NFL haikuanza kutumia picha za marudio kuwasaidia waamuzi hadi mwaka 1986. Naamini kabisa kwamba hasira ya mechi kama hizi mbili ilichangia kuisukuma ligi kuelekea huko, kwa sababu mashabiki wa timu za mbali husahau, lakini mashabiki wa timu za kundi moja hukumbushana mara mbili kila mwaka.

Mechi ninayoiona kuwa na funzo kubwa zaidi juu ya kujuana ni ya Chicago Bears na Green Bay Packers, tarehe 23 Januari 2011. Timu hizi mbili ni kongwe kuliko karibu zote katika ligi, zimechezeana tangu mwaka 1921, na hata hivyo kabla ya siku hiyo zilikuwa zimekutana katika mtoano mara moja tu, Desemba 1941, wiki moja baada ya shambulio la Pearl Harbor. Kombe la ubingwa wa NFC linaitwa kwa jina la George Halas, mwasisi wa Bears. Kwa hiyo Packers walikuwa wakienda Soldier Field kuchukua, mbele ya macho ya watu wa Chicago, kombe lenye jina la baba wa Chicago.

Lakini jambo ambalo hadi leo huwauma wazee wa Chicago lilitokea wiki tatu kabla. Katika mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, tarehe 2 Januari, Bears walikuwa tayari wametwaa ubingwa wa kundi, na Packers walihitaji kushinda ili waingie kwenye mtoano. Kocha Lovie Smith hakupumzisha wachezaji wake. Alitaka kuwazika Packers palepale, na nadhani alikuwa na haki ya kutaka hivyo, kwa sababu yeyote aliyewahi kuishi na mtani anajua kwamba mtani aliyekaribia kuzama haokolewi. Bears walifungwa 10-3. Packers wakaingia wakiwa timu ya sita na ya mwisho katika NFC, wakashinda Philadelphia, wakashinda Atlanta, na wakabisha hodi Chicago.

Aaron Rodgers wa Packers alifunga mwenyewe mapema kwa mbio ya yadi moja, James Starks akaongeza, na hadi mapumziko ilikuwa 14-0. Kisha mechi ikawa ngumu. Rodgers alirusha pasi iliyonaswa na Brian Urlacher, ambaye alianza kukimbia na uwanja wote mbele yake, na Rodgers, kotabeki asiyelipwa kuangusha watu, akamfuata na kumwangusha. Hesabu ya mwisho ya mechi ile inaonyesha uzito wa mchezo huo. Upande wa pili Jay Cutler aliumia goti na kutoka, mbadala wake Todd Collins akashindwa kufanya lolote, na Bears wakabaki na kotabeki wa tatu, Caleb Hanie, kijana ambaye Packers hawakuwa na picha zake za kutazama. Hapo kujuana kote kwa miaka tisini kulikuwa kumefutika ghafla, na Hanie akaanza kuwasumbua kweli. Aliwapeleka Bears hadi wakafunga, ikawa 14-7.

Kilichomaliza ubishi ni B.J. Raji. Huyu alikuwa jitu la zaidi ya kilo 150, anayecheza katikati kabisa ya safu ya mbele ya ulinzi, mahali ambapo kazi ni kusukumana na watu wanene wenzako kwa jioni nzima. Hakuna anayemtazamia mtu wa namna hiyo kudaka mpira. Katika robo ya mwisho, badala ya kusukuma, Raji alirudi nyuma hatua chache na kusimama. Hanie hakumwona, au alimwona na macho yake yakakataa kumhesabu, akarusha pasi fupi moja kwa moja mikononi mwake. Raji akaushika, akatembea nao yadi 18 akiwa ameuinua juu kwa mkono mmoja, kisha akacheza ngoma ndogo ya kiuno ambayo watu wa Wisconsin huiigiza hadi leo. Hanie hakukata tamaa, akarusha pasi ndefu ya yadi 35 kwa Earl Bennett na kuifanya 21-14, na katika dakika za lala salama alikuwa tena akipanda na mpira hadi Sam Shields wa Packers alipoinasa pasi yake. Packers walikwenda kuifunga Steelers 31-25 katika Super Bowl. Cutler alitukanwa mitandaoni usiku ule na hata wachezaji wenzake wa timu nyingine kwa kutoka uwanjani, na uchunguzi wa hospitali ukaonyesha kwamba goti lilikuwa limejeruhiwa kweli. Sijawahi kuwaelewa waliomtukana.

Mechi niliyoishi nayo mwenyewe kwa karibu ni ya tarehe 19 Januari 2014, Seattle Seahawks na San Francisco 49ers. Tuliitazama Renton, nyumbani kwa shemeji yangu, katika sebule iliyojaa watu wa Mombasa na wa Bukavu na sahani za pilau zilizopoa kwa kukosa wa kuzila. Shemeji ni mtu wa maneno machache, na robo ya tatu ilipoanza alinigeukia akasema, «Shemeji, leo usifuate mpira. Mfuate namba 25, uone anavyomtazama mwenzake.» Namba 25 alikuwa Richard Sherman, mlinzi wa pembeni wa Seahawks. Nilifanya alivyosema, na kwa mara ya kwanza nikaona mechi iliyokuwa ikichezwa ndani ya mechi. 49ers hawakumpelekea mipira mingi upande wake, kwa kuwa walimjua, naye alisimama pale kila mara akimsoma mpokeaji wake kama mtu asomaye barua aliyokwisha kuisoma.

Kujuana kulikuwa kila mahali siku ile. Kocha Jim Harbaugh wa 49ers na Pete Carroll wa Seahawks walikuwa wamepingana tangu vyuo vikuu, mmoja Stanford na mwingine USC. Sherman mwenyewe alicheza Stanford chini ya Harbaugh. Mwezi Septemba Seahawks walikuwa wameshinda 29-3, na Desemba 49ers wakalipa 19-17. Colin Kaepernick, kotabeki wa 49ers, alikimbia yadi 130 siku ya fainali, na kwa muda mrefu ilionekana kwamba miguu yake peke yake ingetosha. Katika robo ya mwisho Seahawks walikuwa nyuma kwa 17-13, wakiwa na jaribio la nne, lile la mwisho, na yadi saba za kupata. Kotabeki wao Russell Wilson alibadilisha mdundo wa sauti yake ya kuanzishia mchezo, na Aldon Smith wa 49ers, ambaye alikuwa ameisikia sauti ile katika mechi zote mbili zilizotangulia, akaruka mapema akavuka mstari. Wilson alijua kwamba adhabu imeshapatikana na kwamba hana cha kupoteza, akaurusha mpira moja kwa moja kwa Jermaine Kearse, yadi 35, ndani. Sebule ile ililipuka kiasi kwamba mtoto aliyekuwa amelala chumbani aliamka akilia.

Ikawa 23-17 na zimebaki sekunde kama 30. 49ers walikuwa yadi 18 kutoka ushindi. Kaepernick akaurusha kwenye kona kumtafuta Michael Crabtree, upande wa Sherman. Sherman akageuka, akaruka, akaugusa kwa ncha za vidole na kuurudisha ndani ya uwanja, na mwenzake Malcolm Smith akaudaka. Dakika chache baadaye Sherman alipiga kelele mbele ya kamera kwamba yeye ndiye mlinzi bora na kumtaja Crabtree kwa dharau, na nchi nzima ikajadili adabu yake kwa wiki mbili. Wengi waliomhukumu hawakuwa na habari kwamba watu hao wawili walikuwa wakikabiliana mara mbili kila mwaka, na kwamba maneno yale yalikuwa yamekusanyika kwa misimu kadhaa. Seahawks walikwenda kuifunga Denver 43-8 katika Super Bowl. Na mwaka 2018, Seattle walipoachana na Sherman, alisaini na timu gani? Na 49ers, akakaa nao misimu mitatu na kufika nao Super Bowl. Ndani ya kundi moja hata maadui huishia kuhamiana nyumba.

Mechi ya Rams na 49ers ya tarehe 30 Januari 2022 ilikuwa na uzito wa aina nyingine, kwa sababu upande mmoja ulikuwa umemshinda mwenzake mara sita mfululizo. Kyle Shanahan wa 49ers na Sean McVay wa Rams waliwahi kufanya kazi pamoja katika benchi la Washington, na kwa miaka mitatu Shanahan alionekana kuwa na ufunguo wa nyumba ya mwenzake. Wiki tatu tu kabla, 49ers walikuwa wametoka nyuma kwa 17-0 katika uwanja wa Rams na kushinda 27-24 katika muda wa nyongeza. Rams waliogopa hata mashabiki wa 49ers, wakajaribu mwanzoni kuzuia tiketi zisiuzwe mtandaoni kwa watu wanaoishi nje ya eneo la Los Angeles, na bado jukwaa likawa jekundu.

Robo ya mwisho ilianza 49ers wakiongoza 17-7. Cooper Kupp wa Rams akafunga, ikawa 17-14. Kisha kotabeki wao Matthew Stafford akarusha mpira mrefu katikati ya uwanja, mrefu mno, ukapanda ukashuka taratibu kuelekea kwa Jaquiski Tartt wa 49ers, ambaye hakuwa na mtu karibu naye. Uligonga mikono yake ukaanguka. Tartt alikubali hadharani baadaye kwamba kosa lilikuwa lake, bila visingizio, na nilimheshimu sana kwa hilo. Rams wakasawazisha, wakapiga tena mkwaju wa yadi 30 zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili, wakashinda 20-17. Ushindi wa sita mfululizo ulikuwa na sababu ya kimbinu ambayo makocha wangeweza kuieleza ubaoni kwa saa nzima. Ule wa saba ulipotea kwa mpira mmoja ambao hauna maelezo yoyote ya ubaoni.

Si kila mechi ya tatu huamuliwa kwa namna hiyo, na sitaki msomaji afikiri hivyo. Kuna siku timu moja ni nzito kuliko nyingine na kujuana hakusaidii kitu. Tarehe 26 Januari 2025 Eagles waliifunga Washington 55-23, na Saquon Barkley alikimbia yadi 60 na kufunga katika mchezo wa kwanza kabisa wa mashambulizi ya timu yake. Wazee wa Philadelphia waliokuwapo mwaka 1981 walikuwa wameiona picha hiyo tayari, maana siku ile dhidi ya Cowboys, Wilbert Montgomery alifunga kwa mbio ya yadi 42 katika mchezo wa pili wa Eagles, na akamaliza na yadi 194.

Kinachozitofautisha mechi hizi na kipigo kingine chochote cha Januari ni kinachofuata. Timu ikifungwa na Kansas City au New England inaweza kukaa miaka bila kuwaona tena. Aliyefungwa na jirani ratiba humrudisha kwake ndani ya mwaka huohuo, mara mbili. Jaguars na Titans walihamishwa pamoja mwaka 2002 kwenda AFC Kusini, na wanaendelea kukutana kila vuli, ilhali Jaguars bado hawajawahi kucheza Super Bowl. Nao 49ers walikutana na Rams, mabingwa wapya, tarehe 3 Oktoba 2022 na kuwafunga 24-9, kisha tarehe 30 Oktoba wakawafunga 31-14, siku ambayo Christian McCaffrey alifunga kwa mbio, akafunga kwa kudaka pasi, na akarusha mwenyewe pasi ya kufungia. Rams walimaliza msimu huo na ushindi wa mechi tano tu kati ya 17, na 49ers wakashinda 13 na kurudi tena kwenye fainali ya NFC. Nina jirani shabiki wa 49ers aliyezaliwa San Jose, na nilipompongeza kwa vipigo hivyo viwili alinishukuru kwa adabu, kisha akaniambia angewapa Rams zote mbili, pamoja na zile sita za nyuma, ili Tartt audake ule mmoja.